Watoto Thelathini na Mmoja Sebuleni Kwako

Longonot,
karibu na stesheni ya reli,
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Kahiga,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Hujambo huko Kanada? Umeamkaje? Mgongo je, ule uliokuwa unakuuma kwa kukaa sana kwenye lori? Na baridi, imekwisha ama bado mnavaa makoti? Mimi nikiifikiria hiyo baridi magoti yananiuma, na niko huku kwenye jua. Natumaini unakula. Si mkate tu. Chakula.

Sisi huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Ndugu yako Nderitu ni mzima, anakusalimu sana, kutwa yuko shambani anapalilia mahindi na kulalamika juu ya mbegu. Mkewe Nerima ni mzima, bado anafundisha chekechea ya kanisa, na sauti yake bado inasikika mpaka barabarani. Mtoto wao Natalie ni mzima, ameng'oka jino la mbele na analiringia hilo pengo kama kitu alichonunua. Jirani yetu Cheptanui ni mzima, anasema ukirudi umletee soksi nzito. Ng'ombe ni mzima ingawa maziwa yamepungua. Hata mbwa amezeeka lakini bado anabwekea treni.

Mimi pia ni mzima. Presha imeshuka, daktari wa zahanati alifurahi. Ni roho tu haijatulia, tangu siku ile uliponipigia ukasema, "Mama, hiyo ni nyumba ama ni soko?" halafu ukakata. Leo ni siku ya kumi na sita. Nimehesabu. Nimekupigia na huchukui.

Kwa hivyo nimechukua kalamu. Usicheke mwandiko, unajua niliachia darasa la nne. Nerima alitaka aniandikie, nimekataa, kwa sababu yeye angeandika vizuri mno na usingenisikia ndani yake. Nikimaliza atapiga picha kila karatasi akutumie kwa simu. Simu ya kuongea inataka majibu ya haraka, na mimi mambo haya nilitaka niyaseme polepole, bila kulia.

Nianze na kosa langu la kwanza, ambalo hujui. Baba, mimi sikuwahi kuhamia kwenye nyumba yako.

Kwa mwaka mmoja na miezi saba baada ya wewe kunikabidhi funguo, nililala kule kule kwenye nyumba ya mbao ya marehemu baba yako, pale nyuma, ambayo sasa ni jikoni yangu. Kila asubuhi nilikuwa naingia kwako kwa mlango wa nyuma, bila viatu, nafungua madirisha, napangusa vumbi, napiga taili deki, nafunga, natoka. Yale makochi sikuyatoa nailoni yaliyokuja nayo kutoka dukani. Juu ya nailoni nikatandika vitambaa nilivyoshona kwa mkono. Hakuna mtu aliyeketi. Hata mchungaji alipokuja kuiombea nyumba, nilimletea kiti cha plastiki.

Unakumbuka ukinipigia kwa video ulikuwa unauliza, "Mama, mbona unahema?" na mimi nasema ni presha? Haikuwa presha. Simu ikilia nilikuwa natoka jikoni mbio na ufunguo mkononi, nazunguka nyumba, nafungua, nakaa kwenye pembe ya kochi, najipangusa masizi, ndipo nakujibu. Mara moja nilimkanyaga kuku.

Usinikasirikie. Niliogopa kuichafua. Nilikuwa nikiangalia ile taili naona wewe unaendesha lori kwenye barafu, siku baada ya siku, na hakuna mtu wa kukupikia chai. Nilisema, kitu kilichonunuliwa na mgongo wa mtoto wangu nitakitunza mpaka arudi. Nilidhani kutunza ni hivyo. Nilidhani hata Mungu anafurahi akiona nailoni haijachanika.

Sasa nikueleze jinsi watoto walivyoingia, maana najua binamu yako Mwaura alikutumia picha lakini hakukutumia maelezo.

Mwezi wa tatu ulikuja upepo ambao sijawahi kuuona tangu niolewe hapa. Ulishuka mlimani mchana peupe, na vumbi jeusi, ukaling'oa paa la kanisa kama mtu anafungua sufuria. Mabati mengine tuliyapata ng'ambo ya reli. Namshukuru Mungu ilikuwa Jumamosi na watoto wa chekechea hawakuwa ndani, kwa sababu unajua kanisa ndilo darasa lao katikati ya wiki.

Jumatatu Nerima akaja na watoto wake thelathini na mmoja, wamepanga mstari, wameshikana sweta. Aliomba veranda tu. Akasema, "Mama, ni veranda naomba, ndani hatutagusa." Nikakubali. Veranda haina nailoni.

Wakakaa wiki tatu kwenye simiti. Halafu mvua ya mwezi wa nne ikaanza, na unajua mvua ya huku ikija na upepo inaingia kwa ubavu. Wale watoto wakajibana ukutani, migongo kwenye dirisha kubwa la sebule. Wengine wakageuka wakaweka pua kwenye kioo, wakawa wanaangalia ndani. Mimi nimesimama kwenye mlango wa jikoni na mwavuli, nawaonea huruma, na ufunguo uko kwenye mfuko wa aproni.

Natalie akaniuliza, "Shosho, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya anko wako Kahiga."

"Yeye analala wapi?"

"Kanada."

"Na wewe?"

"Mimi nalala jikoni, si unajua."

Akaangalia tena ndani kwa kioo. Akasema, "Kwani viti ndivyo vinalala hapa?"

Nerima akamwambia, "Natalie! Adabu!" Lakini mtoto hakuwa na utovu wa adabu. Alikuwa anauliza tu kama mtu anayeuliza njia. Na mimi nikaweka uso kwenye kioo, baba. Watoto wanatetemeka nje, na ndani makochi saba yamefunikwa yasipate baridi.

Nikafungua mlango. Ule wa mbele, ambao nilikuwa siutumii. Nikawaambia vueni viatu. Nikaenda kuchukua kisu cha kumenya viazi nikaanza kukata ile nailoni.

Hapa ndipo penye kosa langu la pili, na hili ndilo linanisumbua zaidi, kwa hivyo lisome mara mbili. Ule mbambuko mkubwa uliouona kwenye picha, kwenye kochi refu, ulioniuliza kwa hasira kabla hujakata simu ni mtoto gani aliyefanya hivyo, hakuufanya mtoto. Ni mimi. Lile dirisha linapigwa na jua mchana kutwa, na mwaka mzima na nusu nailoni ilikuwa inapata moto juu ya ile ngozi. Nilipoivuta, ilitoka na ngozi. Ilibambuka kama maziwa yaliyoganda juu ya chai. Kochi ambalo halijakaliwa hata na paka, liliharibika kwa kutunzwa. Nilikaa chini kwenye taili nikacheka, Nerima akafikiri nalia.

Lakini nimekuandikia yote nisifiche kitu. Watoto wamevunja glasi moja na sahani moja ya maua. Kuna mmoja alichora ng'ombe wa kijani ukutani nyuma ya mlango, nimesugua na ametoka isipokuwa pembe. Meza ya kioo nimeihamishia chumba changu, pamoja na televisheni. Ndiyo, nimesema chumba changu. Nilihamia siku hiyo hiyo. Sikuona vizuri watoto wa watu waingie na mwenyewe abaki jikoni. Kitanda chako ni kizuri sana, baba. Nalala mpaka jua linachomoza, na magoti hayalii.

Ningependa uwaone asubuhi. Viatu vimepangwa verandani viwili viwili, vingine ni gambuti, vingine ni vya kaka mkubwa. Nerima ameegemeza ubao pale ulipokuwa umeweka televisheni. Wanasoma a, e, i, o, u mpaka mbwa anajiunga nao. Saa nne napika uji, nao wanaombea chakula, na mwisho wa maombi wanasema wote pamoja, "Na ubariki Anko Kahiga na lori lake." Hakuna aliyewafundisha. Ni Natalie alianza, wengine wakaona ndivyo maombi yanavyoisha.

Cheptanui alikuja kuchungulia siku ya kwanza, akashika kiuno. "Wachuka! Umekuwa hedimasta na darasa la nne lilikushinda?"

Nikamwambia, "Niite madamu, na ukiingia ujipanguse miguu."

Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini kesho yake alileta debe la maharagwe.

Nataka pia nikueleze habari ya mchungaji, kwa sababu nataka ujue mama yako anakutetea hata ukiwa umemnunia. Mchungaji Kibii alikuja na wazee wa kanisa kushukuru. Tukasimama sebuleni, akaanza kuomba. Akasema, "Bwana, tunakushukuru umeishusha nyumba hii ya kitajiri, umeinyenyekesha." Watu wanasema amina, amina. Mimi nikafungua macho. Nikasema, "Mchungaji, ngoja kidogo kabla ya amina."

Wazee walishtuka. Hapa kwetu hakuna mtu anayemsimamisha mchungaji katikati ya maombi. Lakini nilisema, "Nyumba hii haikuwa na kiburi hata ishushwe. Hakuna tofali la wizi hapa. Kijana wangu hakuuza shamba la mtu, hakudhulumu mjane. Ikiwa kuna aliyekosa ni mimi niliyeifunga. Usiombee nyumba ishuke. Omba tujue kazi yake."

Mchungaji alifungua macho. Halafu akasema, "Mama Kahiga, umenikosoa na umesema kweli," akaanza maombi upya. Yalikuwa marefu zaidi, hiyo ndiyo adhabu niliyopata.

Nimefikiria sana mambo hayo, baba, nikichambua mboga. Kuna watu wanaosema mali ni dhambi. Mimi nimekuwa maskini miaka mingi na sikuwa mtakatifu. Nilipokuwa sina kitu nilikuwa na wivu mpaka wa sufuria ya jirani. Nikiwa kanisani nilihesabu kichwani kondoo wa watu badala ya kusikiliza mahubiri. Umaskini haukunisogeza kwa Mungu hata hatua moja. Kwa hivyo sitaki mtu akuambie umekosa kujenga nyumba ya taili. Ulijenga vizuri. Mungu akikupa kitu kizuri, kipokee na mikono yote miwili.

Lakini nimeona pia kwamba ukikiogopa kitu chako, kimeshakuwa bwana wako. Mimi nilikuwa navua viatu mbele ya makochi. Nilikuwa nakimbia na presha yangu ili nisikutwe jikoni. Nani alikuwa mwenye nyumba hapo, mimi ama viti? Kanisani wanatufundisha kwamba sisi ni mawakili tu, vitu ni vya Mungu. Nilikuwa nalisikia hilo neno na kulipita. Nilidhani wakili ni mlinzi wa geti. Sasa naona mlinzi wa geti kazi yake ni kufunga tu, lakini wakili anaulizwa kitu kimefanya nini. Na mimi ningeulizwa ningesema nini? Ningesema, Bwana, nimeitunza nailoni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwaura alikuja kutoka Mai Mahiu Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa tano. Watoto walikuwa wamekuja kufanya mazoezi ya nyimbo, ndiyo maana aliwakuta. Akasimama mlangoni na viatu vyake, akatoa simu. "Anti, haya ni makochi ya Nairobi, na mnayanywesha uji?"

Nikamwambia, "Makochi hayanywi uji, Mwaura. Watoto ndio wanakunywa. Vua viatu."

Hakuvua. Akapiga picha akaenda. Sikujua anakutumia. Na hapo nakiri kosa la tatu, sikuwa nimekuambia mimi mwenyewe. Zile picha za sebule nilizokuwa nakutumia nilipiga Jumapili, baada ya kupanga kila kitu. Nerima aliniambia, "Mama, mwambie, huyo ni mtoto wako, hataudhika." Nikasema kesho, nikasema kesho kutwa. Niliogopa uso wako. Ni ajabu kumwogopa mtoto uliyemwogesha, lakini ndivyo ilivyo mtoto akikujengea. Wewe ni wangu na umepewa jina la baba yangu mzazi, na mara nyingine nakuogopa kama nilivyomwogopa yeye.

Juzi Mwaura amerudi. Anasema umemwambia atafute mpangaji, na amempata mzee mmoja wa kampuni fulani anayetaka nyumba pamoja na vyombo vyote vilivyomo. Atamleta Jumamosi hii kuiangalia. Akaniambia nitoe watoto kabla ya siku hiyo, "wasitie aibu". Nilimpa chai akanywa akaenda.

Wazee wa kanisa nao wameniuliza kama watoto wanaweza kukaa mpaka shule zifunge mwezi wa nane. Fundi Kipkoech ameshaanza kupiga mbao za paa, na mabati yanachangwa, wengine wametoa bati moja, wengine wamechangia moja na jirani, nusu kwa nusu. Nimewaambia sina jibu. Nyumba si yangu. Nimewaambia nitamuuliza mwenyewe, na chochote atakachosema nitakifuata.

Kwa hivyo nakuuliza, na nataka unijibu ukweli, si jibu la kunifurahisha.

Kama unataka mpangaji kwa sababu kazi imepungua huko, kama mambo yamekubana na umeona haya kuniambia, niambie leo. Nitawatoa watoto kesho asubuhi kwa roho safi kabisa, nitawapeleka kwenye jikoni yangu ya zamani, tutabanana. Nami nitarudi kulala huko, sitanung'unika. Mtoto wangu wa kwanza kufikiriwa ni wewe. Usilale njaa Kanada ili watu huku waseme mama Kahiga ana moyo mzuri. Wema wa namna hiyo siutaki, utakuwa ni nailoni nyingine tu.

Lakini kama ni kwa sababu ya maneno ya watu, kwamba wanasema nyumba ya Kahiga imekuwa chekechea, basi ujue anayesema hivyo ni mimi. Nasema sokoni, nasema zahanati, nasema kwa sauti. Watu wanaopita barabarani zamani walikuwa wanauliza, "Ile nyumba kubwa ni ya nani, mbona imefungwa?" Siku hizi wanauliza, "Ni shule gani hii?" na mimi natoka mpaka kwenye geti kuwaambia si shule, ni kwa mtoto wangu. Sijawahi kuringa hivyo maishani. Siku uliyonikabidhi funguo nilifurahi, lakini nilifurahi na hofu. Sasa nafurahi bila hofu, isipokuwa hii ya wewe kunyamaza.

Nimechoka mkono. Nderitu anasema nikuambie hayuko upande wowote, lakini jana nimemwona anatengeneza benchi fupi fupi. Nerima anakusalimu na anasema kama umekasirika umkasirikie yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba veranda. Natalie amekuchorea lori, liko nyuma ya karatasi hii ya mwisho, Nerima asisahau kupiga picha upande huo. Cheptanui amesema soksi ziwe mbili. Uwasalimie wale vijana mnaoishi nao, na yule mama wa kanisa la huko anayekupa supu, mwambie nampenda bila kumjua.

Mungu akulinde kwenye barabara zenye barafu, akuwekee nguvu mgongoni, akupe vitu vizuri vingi na asikubali hata kimoja kikutawale. Akurudishe nyumbani uketi kwenye kochi lililobambuka, karibu yangu.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata ukinuna,
Wachuka.

Baba, Mwaura anakuja Jumamosi saa nne, na huyo mzee wa kampuni. Tuma neno kabla ya hapo. Hata kama ni moja tu, ndiyo ama hapana, tuma. Kama kalamu ni nzito, piga simu. Sitakimbia tena, niko ndani, nitaichukua ikilia mara ya kwanza.